Safari, mvinyo, pwani na utamaduni: Zamu ya mfanyabiashara wa mpakani kuwa mtalii

BUSIA/TORORO

Neno “boda boda” lilizaliwa hapa mpakani. Kabla ya pikipiki kujaa katika kila mji wa Afrika Mashariki, waendesha baiskeli wa Busia walikuwa wakipakia abiria na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita “boda! boda!” ili msafiri asitembee kwa miguu. Leo neno hilo linajulikana Kampala, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Limesafiri mbali kuliko wengi wa watu waliokuwa wa kwanza kulisikia.

Kila siku wafanyabiashara, wengi wao wanawake, huvuka hapa na mayai, nyanya, maharage, samaki, vitenge na mitumba. Huvuka asubuhi, huuza, hurudi jioni. Mpaka wanaujua kama sebule ya nyumbani. Lakini wapo waliouza kwa miaka 20 bidhaa zilizoshushwa bandarini Mombasa na hawajawahi kuiona bahari yenyewe.

Wakati huo huo, magari ya watalii hupita mbele ya vibanda vyao. Mgeni kutoka Ulaya au Marekani hununua likizo ya kifahari inayounganisha mambo manne: wanyama, mvinyo, pwani na utamaduni. Barabara anayopita ni ile ile ya malori, ule Ushoroba wa Kaskazini unaotoka Mombasa kupitia Nairobi hadi Malaba na Busia. Aliye mpakani tayari amesimama mlangoni mwa safari hiyo, tena ana haki ya kulipa kidogo kuliko mgeni. Kinachopungua ni mpango.

Bei ya mgeni na bei ya mwenyeji

Mwaka 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza moja ya utalii kwa wageni, ya dola 100, inayomruhusu mtalii kuingia na kutoka katika nchi hizo tatu kwa siku 90. Mwananchi wa Kenya au Uganda haihitaji. Tangu mwaka huo huo, kitambulisho cha taifa kinamtosha kuvuka kati ya nchi hizo tatu.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye lango la hifadhi. Kwa viwango vya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda vilivyoanza Julai 2024, mgeni asiye mkazi hulipa dola 800 kwenda kuwaona sokwe wa milimani. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda, ambazo hazifiki hata dola 100. Kule Maasai Mara, mgeni mtu mzima hutozwa dola 200 kwa siku katika miezi ya Julai hadi Desemba, lakini raia wa Afrika Mashariki ana kiwango chake cha chini.

Mwishoni mwa 2021 Jumuiya ilizindua kampeni ya “Tembea Nyumbani”, ikiwahimiza raia wake kutembelea nchi za jirani kwa bei za wenyeji. Bei hiyo haitolewi kwa kuangalia sura wala kusikiliza lafudhi. Hutolewa kwa kitambulisho halisi au pasipoti, na picha iliyo kwenye simu yaweza kukataliwa. Anayekisahau nyumbani ajue huenda akatozwa kama mgeni.

Siku 10, kuanzia Tororo

Chukua mfano wa chama cha wanawake sita, watatu wa Busia ya Uganda na watatu wa Busia ya Kenya. Wana siku 10 na wanataka mambo yote manne.

Siku mbili za kwanza ni za utamaduni, na haziwatoi mbali. Mwamba wa Tororo, ulio mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, hupandwa asubuhi kabla jua halijawa kali. Anga ikiwa safi, juu yake huonekana Mlima Elgon na ardhi ya Kenya. Siku ya pili wanapita Mbale hadi Nyero, karibu na mji wa Kumi, kuona michoro ya kale ya maduara mekundu kwenye miamba. Jioni hiyo ni ya ajono, pombe ya ulezi ya Waiteso, inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Waiteso wako pande zote mbili za mpaka, na chungu hicho kilikuwepo kabla ya mpaka kuchorwa.

Siku ya tatu wanavuka na kulala Kisumu kando ya Ziwa Victoria. Siku ya nne wanapanda Kericho, wanapumzika katikati ya mashamba ya chai, na kulala Nakuru.

Siku ya tano ni ya wanyama. Hifadhi ya Ziwa Nakuru ina vifaru weusi na weupe, twiga, nyati na simba, na kwa sababu imezungushiwa uzio na si kubwa sana, saa chache za asubuhi huweza kutosha. Tembo hawapo humo, na wakala anayewaahidi tembo wa Nakuru hafai kupewa pesa. Malipo ya hifadhi za Shirika la Wanyamapori la Kenya hufanywa kwa eCitizen. Fedha taslimu hazipokelewi langoni, kwa hiyo mmoja wao afungue akaunti mapema.

Siku ya sita ni ya Naivasha. Katika Hifadhi ya Hell’s Gate mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli karibu na pundamilia na swala. Kwa watu wanaotoka mji wa boda boda za kwanza, hiyo ni baiskeli ya aina nyingine: haina mzigo nyuma.

Siku ya saba wanafika Nairobi na kupanda treni ya Madaraka Express kwenda Mombasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Kwa nauli zilizowekwa Januari 2024, daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya na daraja la kwanza ni 4,500. Safari ni ya takriban saa tano, na reli hupita Tsavo. Anayekaa dirishani mchana ana nafasi ya kuwaona wale tembo aliowakosa Nakuru.

Siku ya nane na ya tisa ni za bahari. Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, iko hatua chache kutoka Mji wa Kale, penye mahamri, biriani na wali wa nazi. Ng’ambo ya Likoni kuna ufuo wa Diani, na karibu yake Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wamijikenda ambao wageni huingia wakiongozwa na wenyeji wenyewe. Siku ya 10 ni ya kurudi. Safari ya kutoka Mombasa hadi Busia ni ndefu, na asiyetaka kufika sokoni akiwa hoi aongeze siku moja ya kulala njiani.

Mvinyo: uliza kabla ya kuagiza

Mvinyo ndio sehemu inayowatisha wengi, kwa sababu ya bei na kwa sababu ya orodha ndefu yenye majina ya kigeni. Mwingi unaouzwa katika hoteli za Kenya hutoka Afrika Kusini na Ulaya, lakini zabibu hulimwa pia Naivasha, na mvinyo wa Leleshwa hutoka huko. Tanzania ina Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Mezani, uliza bei ya glasi badala ya chupa, na uliza kama kuna mvinyo wa hapa kwetu. Wakati wa kuweka nafasi, uliza kama kuna shamba au kiwanda kinachopokea wageni siku hiyo, maana si vyote vinavyofungua milango bila miadi. Dereva asionje hata tone. Na katika chama cha watu sita hakukosi Mwislamu au mlokole asiyegusa pombe: kwake, chai ya Kericho ionjwe kwa heshima ile ile.

Karatasi: muhuri wa sokoni hautoshi

Hapa ndipo wafanyabiashara wa mpakani hujikwaa. Kuvuka hadi soko la ng’ambo na kurudi kabla ya jua kutua kumewazoeza wengi kupita bila karatasi, wengine kwa njia za panya. Kituo cha Pamoja cha Mpakani cha Busia, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, kilijengwa ili msafiri ahudumiwe mara moja tu, upande anaoingia. Anayekwenda Nairobi au Mombasa apite dirisha la uhamiaji, aandikishwe na aweke karatasi anayopewa. Polisi barabarani na hoteli huweza kuiuliza.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni vizuri kuwa nayo. Tangu 2016 kadi hiyo hudumu maisha yote, lakini huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Mtoto naye awe na hati zake. Anayetaka kuongeza Dodoma au Zanzibar achukue pasipoti, kwa kuwa Tanzania haimo katika mpango wa kitambulisho. Gari binafsi litahitaji kuandikishwa forodhani na kuwa na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA.

Wanaotoka upande wa Uganda waache kaveera nyumbani. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na faini yaweza kufika shilingi milioni 4. Tangu Juni 2020, chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi pia. Chukua kikapu na chupa ya chuma.

Anayenunua vikoi Mombasa kwa ajili ya kuuza, na si zawadi, avitangaze forodhani. Mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizo kwenye orodha ya Mfumo Rahisi wa Biashara hupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani.

Akiba, msimu na kibanda

Tuseme chama kimelenga shilingi 90,000 za Kenya kwa kila mmoja. Hiyo ni shilingi 300 kwa siku kwa siku 300. Kwa anayeshinda sokoni, si ndoto, lakini haitoki mfukoni mwa mtaji. Iwekwe kando, na sehemu moja ya kumi isiguswe, iwe ya dharura.

Swali gumu kuliko pesa ni kibanda. Duka likifungwa siku 10, mteja huhamia kwa jirani na huenda asirudi. Njia moja ni chama kugawanyika: watatu wasafiri mwaka huu na watatu washike biashara zote sita, kisha wabadilishane mwaka unaofuata. Hesabu za kila kibanda ziandikwe kila jioni, kwa sababu urafiki wa miaka mingi umewahi kuvunjwa na daftari lisilo na tarehe.

Kuhusu wakati, Desemba ina faida sokoni na bei za juu hotelini. Januari na mapema Februari ni karo. Aprili na Mei bei za pwani hushuka, lakini ni masika. Mwisho wa Februari hadi mwanzo wa Machi ni wakati mzuri kwa mfanyabiashara: kaskazi bado inavuma, mvua haijaanza na wazazi wameshalipa shule. Anayetaka hasa utamaduni asubiri Agosti ya miaka kama 2024 na 2026, wakati Wagisu wa Mbale wanapofanya imbalu na Wabukusu wa Bungoma nao wana tohara yao.

Mlipe anayejulikana

Matangazo ya likizo za bei ya kutupa huzunguka kwenye WhatsApp kila msimu. Kabla ya kutuma amana, wakala wa Kenya aonyeshe leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na wa Uganda aonyeshe ya Bodi ya Utalii ya Uganda. Hoteli ipigiwe kwa namba iliyopatikana kwingine, si ile aliyoitoa wakala. Malipo yaende kwa jina la kampuni, na risiti ieleze ni vyumba vingapi, milo mingapi, na kama ada ya hifadhi imo.

Hizi ni tahadhari ambazo mfanyabiashara wa Busia tayari anazo. Hanunui gunia la maharage bila kulifungua, hapokei noti bila kuitazama, hampi mwenye lori mzigo bila kuandika namba yake. Safari nayo ni mzigo kama mingine. Tofauti ni kwamba safari hii, anayesafirishwa ni yeye mwenyewe.