Mbwa aliyevunjika mguu: maumivu yashughulikiwe kabla ya kisu

Leo tuwaache mbuzi na kuku pembeni kidogo, tuongelee mlinzi wao. Hapa Majengo bodaboda ni nyingi, na mbwa wakizurura usiku kufuata mabaki sokoni, kuvunjika mguu si jambo la ajabu. Huko Bahi na Chamwino ni teke la ng'ombe, au rungu la jirani. Swali ninaloletewa huwa moja: "Bwana mifugo, mfupa utaunga?" Mara nyingi unaunga. Kuhusu maumivu karibu hakuna anayeuliza, na hapo ndipo mbwa wengi wanapoharibikiwa.

Wengi wanasema mbwa akikaa kimya basi haumwi. Si kweli. Mbwa mwenye maumivu makali mara nyingi hanyamazi kwa raha, ananyamaza kwa kuelemewa. Mwangalie: hageuki ukimwita, anahema haraka wakati hakuna joto, halali ubavu, anakataa chakula, analamba sehemu moja tu, anakunguruma ukisogea. Chuo Kikuu cha Glasgow kule Uskochi kina fomu fupi ya kupima haya kwa pointi, jumla 24. Mbwa akifika 6, dawa iongezwe. Kwa asiyeweza kutembea jumla ni 20, na mpaka ni 5. Nyumbani huhitaji fomu, ila angalia mambo yaleyale asubuhi na jioni.

Siku ya ajali, mfunge mdomo kwa kitambaa kwanza, hata kama ni mbwa wako wa miaka kumi. Akitapika au akihema kwa shida, mfungue. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbebe juu ya ubao au turubai. Na tafadhali, usimpe dawa ya binadamu. Brufen ya miligramu 400 kwa mbwa wa kilo 10 inatosha kumletea vidonda vya tumbo, na diklofenaki nayo ni hatari vilevile. Halafu mbwa aliyevuja damu au mwenye kiu, figo zake ziko hatarini zaidi. Hata dawa sahihi inasubiri mpaka aongezewe maji.

Sasa tuje kwenye upasuaji. Watu wanachanganya nusukaputi na dawa ya maumivu. Mbwa anaweza kulala fofofo, mishipa yake ya fahamu ikaendelea kupeleka taarifa za kisu na nyundo mpaka kwenye uti wa mgongo. Ikipelekwa muda mrefu, uti wa mgongo unakuwa mwepesi kushtuka, na akiamka hata kuguswa kidogo kunauma kama jeraha jipya. Ndiyo maana dawa ya maumivu inatangulia kisu. Mchanganyiko unaotumika sana kwetu ni zailazini na ketamini. Unasaidia kiasi kwenye maumivu, lakini kwa muda mfupi, na kuunga mfupa si kazi ya dakika ishirini.

Kwa hiyo muulize daktari kabla hujalipa: "Utampa nini cha maumivu kabla, na atapata nini usiku?" Jibu zuri lina dawa zaidi ya moja. Ipo jamii ya mofini. Ipo ganzi, lignokeni au bupivakaini, inayochomwa karibu na neva za mguu au chini ya mgongo. Lignokeni hudumu saa moja hadi mbili, bupivakaini saa kadhaa. Ganzi ni bei nafuu, na kwa maoni yangu haitumiki vya kutosha. Kazi kubwa ya chuma na skrubu inaweza kukupeleka hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kama kilomita 260 kutoka Dodoma. Barabara hiyo nayo inauma: mguu ufungwe vizuri kwanza, na dawa apewe kabla ya gari kuondoka.

Baada ya upasuaji dawa inayoandikwa mara nyingi ni meloksikamu: miligramu 0.2 kwa kila kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 mara moja kwa siku. Mbwa wa kilo 15 ni miligramu 3, halafu 1.5. Apewe akishakula, na maji yawepo muda wote. Usiichanganye kamwe na deksamethasoni, hata muuza duka akisema "zote ni za uvimbe". Akitapika, akigoma kula, au kinyesi kikiwa cheusi kama lami, acha dawa na mpigie daktari.

Pale nyumbani, siku mbili tatu za mwanzo weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku, kama hajafungwa hogo. Juni na Julai usiku wetu ni baridi, sakafu ya saruji haifai. Mwekee magunia makavu. Asiruke wala kukimbia kwa wiki sita hadi nane. Asilambe nyuzi: ndoo ya plastiki iliyokatwa kitako, ikavishwa shingoni, inafanya kazi. Kama ana hogo, shika vidole kila siku. Vikivimba au vikiwa baridi, hogo limebana, na hapo dawa ya maumivu si suluhisho. Lifunguliwe siku hiyohiyo.

Na kama pesa inatosha chuma lakini haitoshi dawa? Aisee, bora kuukata mguu kwa utaratibu, na dawa zake kamili. Mbwa wengi hutembea vizuri kwa miguu mitatu, na mbuzi atawalinda. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 hairuhusu kumwacha mnyama ateseke bila sababu, na "sikuwa na hela ya sindano" si sababu ya kumwacha alie wiki nzima.

Nyuzi zinatolewa siku ya 10 hadi 14. Siku hiyo mwambie daktari ameanza lini kukanyaga chini. Kama hajakanyaga kabisa, apimwe upya kabla hujaondoka.