Kioo na Mazungumzo ya Mtoto Nyumbani

Katika makala hii fupi nimekusudia kueleza jinsi desturi za nyumba zinavyoamua muda ambao mtoto mdogo hukaa mbele ya televisheni au simu, na mambo yanayoipata lugha yake kwa sababu hiyo. Vitu hivyo viwili nitavijumlisha kwa neno kioo. Wapenzi wa istilahi hupendelea kiwambo, neno lenye asili nzuri katika kitenzi wamba. Walakini sijapata kumsikia mama akimwambia mwanawe aondoke mbele ya kiwambo.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo, na aliye na miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Shauri hilo hupima saa za mtoto, lakini aghalabu saa hizo si zake. Televisheni huwashwa asubuhi kwa ajili ya habari, ikaachwa mchana kutwa, na mtoto atambaaye sebuleni huhesabiwa kuwa hatazami. Simu hutolewa anapolia, au anapokataa uji, au mama anapokuwa peke yake jikoni na hapana bibi wala shangazi wa kumpokea mtoto. Mwenye kaka na dada hutazama watazamayo wao. Tanzania Bara, ambako televisheni ilianza mwaka 1994 (Zanzibar ilitangulia mwaka 1973), wazazi vijana wa leo ndio wa kwanza kulelewa nayo, na wako wasioisikia tena inapowaka.

Mtoto huisikia. Dimitri Christakis na wenzake walieleza mwaka 2009 habari za watoto 329 wa Marekani waliovalishwa vinasa sauti: kila saa 1 ya televisheni yenye kusikika iliambatana na upungufu wa maneno 770 hivi ya watu wazima. Hesabu hiyo haihamishiki kwetu vivi hivi, kwani hatutakupa ni neno moja, na Mwingereza atahitaji manne au matano. Tena kuambatana si kusababisha. Hata hivyo mwelekeo wake wafaa kuangaliwa, maana Kiswahili hufunzwa kwa majibizano. Tuseme mtoto anena, "Kikombe imeanguka." Mama humjibu, "Ehe, kikombe kimeanguka. Kiokote basi, kilete." Hakumsahihisha kwa makusudi, lakini kwa pumzi moja amemsikilizisha upatanisho mara tatu, juu ya kikombe kile kile ambacho mtoto anakitazama. Kipindi cha watoto, hata kilicho kizuri, chaweza kuuliza swali na kunyamaza kidogo. Mtoto akijibu ovyo, chaendelea kumsifu.

Patricia Kuhl na wenzake walionyesha jambo la namna hii mwaka 2003. Watoto wa Kimarekani wa miezi 9 waliochezeshwa na wasemaji wa Kichina walijifunza kutambua sauti za lugha hiyo. Wenzao waliowaona wasemaji hao hao katika kanda za picha hawakujifunza kitu.

Lakini si haki kukilaumu kioo chenyewe. Mwaka 2014 Sarah Roseberry na wenzake waliona kwamba watoto wa miezi 24 hadi 30 walijifunza vitenzi vipya kwa mtu aliyezungumza nao papo hapo kwa njia ya picha, wala hawakujifunza kwa picha zilizorekodiwa. Basi mtoto wa Unguja anayemsimulia bibi yake aliye Maskati habari za paka, naye bibi akamuuliza paka huyo amekula nini, hayuko katika hali moja na yule aliyepewa simu ili anyamaze, ijapokuwa dakika zao ni sawa.

Kwa hiyo anayekusanya maneno ya watoto majumbani ingefaa aandike, pamoja na umri wa mtoto na lahaja ya wazazi, kama televisheni ilikuwa ikiwaka, nani aliyeiwasha, na ni nani aliyekuwa akimjibu mtoto wakati huo.