Wawindaji wa Barazani



Siku moja baada ya sala ya alasiri tulikuwa tumeketi barazani twanywa kahawa. Kando yetu waliketi vijana wanne ambao twawajua tangu walipokuwa wakijifunza alifu kwa ujiti. Hatukukusudia kudukua maneno yao, lakini sauti zao zilikuwa juu. Mmoja alisema kwamba usiku uliopita alizimia mara mbili kwa moto wa joka. Wa pili akamlaumu kuwa alitoka bila kula. Wa tatu akasema amekwisha pata magamba ya kutosha, sasa autaka mkia tu ili vazi lake likamilike. Wa nne, aliye mpole kuliko wote, akasema yeye hana haja na upanga. Kazi yake ni kupiga baragumu ili wenzake wapate nguvu.

Mzee mwenzetu aliinamisha kichwa akatunong'oneza, "Hivi wana hawa usiku hulala wapi?" Tulicheka, lakini hatukuwa na jawabu.

Siku chache baadaye mama wa yule wa kwanza alikuja kwetu na malalamiko. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha adhiniwa, naye mwanawe yuko mbele ya runinga, hainuki. Alimwita mara tatu, kisha akachomoa waya. Kijana wa miaka 15, ndevu zaanza kumtoka, akalia machozi, na kwa siku tatu hakusema na mamake ila kwa salamu. "Sheikh wetu," alituambia, "mtoto alia kwa ajili ya joka la kwenye kioo. Je, huyu amepotea?"

Tuliona si haki kutoa hukumu juu ya jambo tusilolijua. Basi tukawaomba vijana wale watusomeshe. Walifurahi mno, kwani ilikuwa mara ya kwanza mwalimu kuwa mwanafunzi wao. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mchezo wenyewe huitwa Monster Hunter, yaani mwindaji wa madubwana. Ulitungwa na kampuni ya Capcom yenye makao yake mjini Osaka, Japani, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 2004. Lililoueneza zaidi ni matoleo ya mashine ndogo ya kushika mkononi, yaliyoanza mwaka 2005. Wachezaji wanne waliweza kukaa pamoja, mashine zao zikaungana bila waya, wakawinda kundi moja. Vijana wa Japani wakawa wakikusanyika kwenye mikahawa na penye vituo vya treni kwa ajili hiyo. Toleo la mwaka 2010 liliuza nakala zaidi ya milioni 4 nchini humo. Kisha mwaka 2018 likatoka toleo lililoitwa World, likaenea duniani kote na kupita nakala milioni 20. Toleo la Februari 2025, liitwalo Wilds, liliuza zaidi ya nakala milioni 8 katika siku tatu za kwanza. Basi wana wetu hawakuzua jambo lao peke yao. Wameketi katika baraza pana sana.

Kabla ya kucheza, mchezaji huumba mhusika wake. Huchagua uso, nywele, rangi, sauti na jina. Kisha huchagua silaha. Katika matoleo haya ya karibuni ziko aina 14, toka upanga mkubwa mpaka upinde, na baragumu lile tulilolisikia ni mojawapo. Kila silaha ina tabia yake, na aliyezoea moja huwa kama aanza upya ashikapo nyingine. Wawindaji hula chakula, pengine kilichopikwa na paka wapishi, kwani chakula kile huwaongezea nguvu. Kisha hutoka wakafuata nyayo za dubwana. Wakilishinda, huchukua magamba, mifupa na kucha, na mhunzi huwatengenezea mavazi na silaha bora.

Jambo moja lilitupendeza. Dubwana halionyeshi mchezaji limebakiwa na uhai kiasi gani. Hakuna mstari wala namba. Ni juu ya mwindaji kutazama: laanza kuchechemea, latokwa na mate kwa uchovu, larudi pangoni kulala. Asiyetazama hapati. Tena mwindaji hazidi nguvu za mwili kwa kuua tu. Huzidi kwa vifaa alivyovihangaikia na kwa ustadi wa mikono ya mchezaji mwenyewe. Kijana mmoja alitueleza kwamba alishindwa na joka moja mara nyingi hata akajua kila ukelele wake. Tukajisemea moyoni, lau angelidurusu nahau kwa subira hii!

Sasa turudi kwa mama na waya wake. Wawindaji wanne wakiisha kutoka pamoja kwa njia ya intaneti, mchezo hausimami. Hakuna kitufe cha kusema ngojeni. Msako kwa kawaida hupewa muda usiozidi dakika 50, na kikosi kikizimia mara tatu kwa jumla, msako huvunjika na wote hukosa tuzo ya msako. Kuzimia kwa mmoja ni hasara ya wote. Kijana wetu alikuwa amekwisha zimia mara mbili. Mama alipochomoa waya, wenzake watatu walimwona ametoweka katikati ya vita.

Kwa hivyo kilio kile hakikuwa cha joka. Kijana alilia kwa kuwa aliwaahidi wenzake, kisha akaonekana amewakimbia. Hilo la kuona haya kwa kuvunja ahadi ni jema, nasi twamshukuru Mola kuwa limo moyoni mwake. Lakini alikosea kabla ya hapo: alijua adhana yaja saa ngapi, na akaahidi muda usiokuwa wake. Naye mama hakukosea kumtaka ainuke kuswali. Alilokosa ni habari tu, kwa sababu hakuna aliyempa. Tulipowaweka pamoja tukawaeleza hayo, kijana aliinama akambusu mamake mkono. Mama akamwuliza, "Mbona hukuniambia kuwa kuna watu wakungojea?" Kijana akajibu, "Sikudhani ungesikiliza." Jawabu hilo lilituchoma sisi sote tuliokuwamo chumbani.

Mama wa pili alituuliza jambo jingine: mwanawe husema "mimi nilizimia, mimi nililiua joka," je, huo si uongo? Twaona si uongo, kwani wasemaji wote na wasikilizaji wote wajua kuwa ni mchezo. Michezo ya kuvaa nafsi ya mhusika ni ya zamani. Ule wa Dungeons & Dragons, ulioanza Marekani mwaka 1974, haukuhitaji mashine yoyote; watu waliketi mezani na kete na karatasi, kila mmoja akasema kwa kinywa cha mhusika wake. Na mabinti zetu tangu enzi hucheza kibaba na kimama, mmoja akawa bwana harusi na mwingine kungwi, wala hakuna aliyewaandikia talaka. Na wasomaji wetu waijua habari ya bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, na wanasesere wake, na miongoni mwao farasi mwenye mbawa. Mtoto hujaribu nafsi kama ajaribuvyo kanzu, apate kuona ipi yamkaa.

Lakini mzazi mwenye busara hutazama ni nafsi gani mwanawe aichagua, na hapa twakiri kosa letu wenyewe.

Yule kijana mpole, mpiga baragumu, tulikuwa twamjua darasani kuwa ni msinziaji. Mara mbili tulimkemea mbele ya wenzake. Siku ile alipokuwa akitusomesha mchezo tuliona mtu mwingine kabisa: macho yako wazi, aeleza kwa mpango, ajua nani ana jeraha na nani ataka msaada. Tulimwuliza kwa nini alichagua baragumu, silaha ambayo wenzake waidharau. Alisema, "Kwa sababu nikiwako wanajua, na nisipokuwako wanajua." Babake afanya kazi Ghuba, na kurudi kwake ni kwa nadra. Mamake auza vitafunio toka alfajiri mpaka usiku. Nyumba ikilala, yeye huwasha simu na mashine, huwatafuta wawindaji wa nchi nyingine ambako bado ni mchana, akacheza mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Kisha huja kwetu kusinzia, nasi twamkemea. Tulimwomba radhi.

Wazee wetu walitusimulia kisa cha Sultani Majnuni, kisa kilichokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870. Sultani alikuwa na paka aliyempenda. Paka akala ndama, watu wakaja kushtaki. Sultani akasema paka ni wake na ndama ni wake. Akala mbuzi, akala ng'ombe, jawabu likawa lile lile. Hata alipowala wana wa Sultani mwenyewe ndipo Sultani akakiri kuwa huyo si paka tena, ni nunda mla watu. Mtoto mdogo wa Sultani akatoka kumsaka. Kila alipoua mnyama alimletea mamake akidhani ndiye, na mama kila mara alimtazama mnyama akamwambia siye. Mwishowe alimkuta nunda amelala, akamuua.

Tulipowasimulia vijana kisa hicho, mmoja akaruka: "Sheikh, huo ndio mchezo wetu!" Naam, kuwinda madubwana hakukuanzia Osaka. Lakini sisi wazazi tuna mafunzo mawili humo. Kwanza, nunda alikuzwa nyumbani, kwa kupuuzwa mashtaka madogo madogo. Pili, mama hakumkataza mwanawe kuwinda, wala hakumsifu kwa kila alicholeta. Alitazama, akajua yupi siye.

Basi nunda ni yupi? Si kila mchezo, na si kila usiku mmoja wa kukesha. Shirika la Afya Duniani limeutia uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya maradhi, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mchezaji ashindwa kujizuia; mchezo watangulizwa mbele ya mambo mengine ya maisha; naye aendelea ijapokuwa madhara yaonekana wazi. Na kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12 au zaidi. Aliyefikia hapo ataka daktari na huruma, si bakora. Aliyeko njiani ataka mzazi aliye macho.

Kwa mama zetu tuna nasaha chache. Ulizeni jina la mchezo na alama yake ya umri. Toleo la World, kwa mfano, limewekewa Marekani alama ya vijana wa miaka 13 na zaidi, kwa hivyo si la mtoto wa darasa la pili. Mashine na iwe sebuleni, si chumbani. Hesabuni muda kurudi nyuma toka adhana: ikiwa magharibi ni saa 12:30, kikosi kisitoke baada ya saa 11:30, na kijana awaambie wenzake mapema. Jueni anacheza na nani, kwani sauti ya mgeni huingia nyumbani bila kubisha hodi. Liko pia toleo la simu lililoanza mwaka 2023, ambalo humtoa mchezaji njiani kusaka madubwana kwa ramani, na pambano la kawaida ni sekunde 75 tu. Hilo lataka tahadhari ya barabara na kujua mtoto yuko wapi. Na chungeni fedha. Katika World, aliyekwisha umba mhusika wake akitaka kumbadilisha uso wote huhitaji hati maalumu. Ya kwanza ni bure, zifuatazo hununuliwa kwa fedha halisi. Kadi ya benki na nambari ya siri ya simu zisiwe mikononi mwa mtoto.

Nasaha ya mwisho ndiyo rahisi na ndiyo tunayoisahau: ulizeni. Yule mama wa waya sasa, mwanawe aketipo, humwuliza, "Leo mwamwinda nani, na mtarudi saa ngapi?" Kijana hueleza, pengine kupita kiasi, na mama hukiri kwetu kuwa nusu ya maneno haielewi. Lakini wakati wa magharibi waya hauchomolewi tena. Mara nyingi kijana huinuka mwenyewe. Mara nyingine huitwa mara moja.

Kwa mpiga baragumu mambo hayajatengenea yote. Tumezungumza na mamake, naye ametuma ujumbe kwa babake, ambaye sasa humpigia mwanawe simu baada ya isha kila Ijumaa. Mashine imehamia sebuleni. Darasani bado husinzia siku moja moja, nasi sasa hatumkemei, twamwita pembeni. Na kwa kuwa tumejua apenda kazi ambayo akikosekana huonekana, tumempa funguo za chuo. Kila alasiri wadogo hawaingii mpaka afike. Tangu apewe hajachelewa.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie wana wetu, na atupe masikio ya kuwasikiliza. Wabillahi tawfiq.