Mgomba Wenye Kiu na Mgomba Mgonjwa

Huku Kivu ndizi zinaliwa, zinakamuliwa kasiksi, na zinalipa minervali ya wengi wetu. Migomba ikifa, kuna mtoto anayerudishwa nyumbani kutoka shuleni. Mimi ninasoma lugha, si kilimo, lakini kuna jina moja la ugonjwa ambalo nimelichunguza hadi likanipeleka shambani.

Ugonjwa wenyewe unaletwa na bakteria. Ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, kwenye enseti, mmea ulio ndugu wa mgomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda na kwetu Masisi. Wanyarwanda wanauita kirabiranya, Waganda kiwotoka, na Waswahili mnyauko. Lugha tatu zimeshika kitu kimoja: jani linalonyauka. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu jani hunyauka kwa kiu pia. Mkulima anayeona majani yamelegea mwezi wa saba husema ni jua, akangoja mvua. Naye akingoja, ugonjwa unaendelea kutembea.

Tuwatofautishe. Mgomba wenye kiu hukunja majani yake, na yale ya zamani hukauka kwanza. Mgomba mgonjwa hulegea hata kama udongo umelowa, kwa sababu bakteria wameziba njia za maji ndani yake. Ndizi zake huiva kabla ya kujaa, na ukizipasua unakuta nyama imekuwa ya kahawia. Kata shina lake, subiri dakika chache: utaona utomvu wa manjano unatoka kama usaha. Kiu haitoi usaha.

Dawa ya kiu inajulikana tangu wazee. Mizizi mingi ya mgomba iko karibu na uso wa udongo, kwa hiyo jua likichoma udongo ulio uchi, mgomba unaumia mapema. Tandaza nyasi, maganda ya maharagwe na majani makavu: yatazuia unyevu usipotee, kisha yataoza na kuwa mbolea. Kwenye mlima, chimba mitaro inayokata mteremko na upande nyasi ukingoni, ili mvua iingie ardhini badala ya kushuka na udongo hadi ziwani.

Ugonjwa hauna dawa ya kunyunyizia, lakini njia zake zinaweza kufungwa. Njia ya kwanza ni wadudu, ambao huubeba hadi kwenye ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu. Chane ya mwisho ikishatokea, livunje ua hilo kwa kijiti chenye panda, bila kisu. Njia ya pili ni panga. Lipitishe motoni au lioshe kwa maji ya javeli kabla ya kugusa mgomba mwingine. Njia ya tatu ni machipukizi: usiyachukue kwenye shamba lenye ugonjwa. Mgomba mmoja ukiugua, ukate chini kabisa usawa wa udongo, uwaache ndugu zake wa shina lile lile, kisha urudi kukagua kila mara. Zamani watu waliambiwa wang'oe shina zima, kazi iliyowashinda wengi. Utafiti umeonyesha kwamba mara nyingi bakteria hawafiki kwenye migomba yote ya shina moja.

Sasa, maji na ugonjwa hukutana mahali pamoja ambapo watu wengi hawapaangalii. Anayelima maharagwe chini ya migomba hukata majani mabichi ili mwanga upite, kisha huyatandaza chini yahifadhi unyevu. Nia ni njema, lakini panga lile lile linapita mgomba hadi mgomba. Akiisha kuukata mmoja ulio mgonjwa bila kujua, anawalisha wengine ugonjwa kwa mkono wake. Penye mnyauko, majani mabichi yasikatwe: tandaza yaliyokwisha kukauka, ukiyavuta kwa mkono, na nyasi kutoka nje ya shamba.

Nawaambia wenzangu tutakaoitwa kesho kutafsiri matangazo ya kilimo: jina "mnyauko" peke yake halitoshi. Karibu nalo tuandike usaha wa manjano na panga lililopitishwa motoni, kwa maneno ambayo mama wa Kalehe anayatumia jikoni kwake. Akilisoma tangazo hilo mwezi wa saba, asikae kungoja mvua.