Fahamu: Vipimo vya mgonjwa wa Vwawa vinavyoweza kusomwa Mbeya
Mgonjwa aliyelazwa Vwawa anaweza kufuatiliwa na daktari bingwa aliyeko Mbeya bila kusafirishwa kati ya malori ya barabara ya TANZAM. Kifaa hubanwa kidoleni, mwanga mwekundu hupenya ngozi, oksijeni na mapigo hupimwa, kisha namba hurushwa kwa mtandao wa simu. Namba hizo ni nyepesi, hupita hata mtandao ukisuasua.

Wazo la kupima kwa mbali si geni: mwaka 1905 Willem Einthoven, mjini Leiden, Uholanzi, alipokea umeme wa moyo wa mgonjwa kupitia waya wa simu, umbali wa kilomita 1.5.

Kinachonitia wasiwasi ni usiku: kengele ikilia Mbeya, nani atakimbilia kitanda cha Vwawa? Bila muuguzi wa zamu, namba hazimwokoi mtu. Tena taarifa za afya ni nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zisirushwe ovyo kwenye makundi ya WhatsApp.