Miaka miwili haifungi ndoa

"Wakili, tumeishi pamoja miaka miwili na ushee. Si tayari ni mume na mke kisheria?" Hapana. Swali hili limenichosha, hasa kwa sababu wanaoliuliza huwa wameshajenga nyumba juu ya jibu walilopewa kijiweni. Wengine wameishusha hadi miezi sita. Sheria ya miezi sita Tanzania haipo.

Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataka mambo mawili yathibitishwe: kwamba mmeishi pamoja miaka miwili au zaidi, na kwamba katika kuishi huko jamii imewatambua kuwa mume na mke. Yakithibitika, mahakama itadhani mlioana. Itadhani tu, na mwenzako anaruhusiwa kuivunja dhana hiyo kwa ushahidi.

Kwa hiyo usiniletee kalenda. Hakimu atauliza mwenye nyumba aliwapangisha kama nani. Baba wa mwenzako alipofariki, msibani ulikaa na wakwe au na wageni? Fomu ya shule ya mtoto imeandikwaje? Mwanamume anayelala kwako wikiendi na kurudi kwake Jumatatu hajaishi nawe, hata ikifika miaka kumi.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawataki kulisikia. Kama mwanamume ana ndoa ya mke mmoja, mathalani ya kanisani, na haijavunjwa, dhana hiyo haiwezi kusimama, kwa sababu kifungu cha 15 kinamkataza kuoa mwingine. "Waliachana zamani" si talaka. Talaka hutolewa na mahakama.

Na ile barua ya serikali ya mtaa! Mwenyekiti hana mamlaka ya kufungisha ndoa. Barua yake inaweza kusaidia kuonyesha kwamba mnaishi pale, basi. Anayekuuzia barua hiyo, au kiapo chenye mhuri, akidai ni sawa na cheti cha ndoa, anakula pesa yako bure.

Hata dhana ikivunjwa, hujapoteza kila kitu. Kifungu hichohicho cha 160 kinamruhusu mwanamke aliyeishi kinyumba miaka miwili kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama zimewahi kugawa mali iliyochumwa pamoja. Usikubali kuambiwa kuwa hukuchangia kwa sababu hukuwa na mshahara: tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani imetambua kazi za nyumbani kuwa mchango. Mtoto naye ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, wawe wameoana au la.

La kufanya sasa? Mnaopendana na hakuna kizuizi, nendeni bomani: toeni taarifa siku 21 kabla, mtoke na cheti. Msiotaka ndoa, andikisheni kiwanja kwa majina yote mawili, tunzeni risiti za saruji na mabati, na kila mmoja aandike wosia. Mkishindwana, anzieni Baraza la Usuluhishi wa Ndoa la kata, kisha mahakamani. Msingoje mmoja afe ndipo mtafute mashahidi. Wakati huo ndugu wa marehemu watakuwa wameshabadilisha kufuli.