Muratina inapokataa kuchachuka

WAZEE wa upande wa pili wamekwisha kuarifiwa, hema limekodishwa na mbuzi wamelipiwa. Linalobakia ni muratina, pombe ya asali ambayo kwa mila za Wagikuyu haifai kukosa siku ya mahari. Lakini mtungi umetulia tuli. Siku mbili zimepita tangu asali na maji vichanganywe, na hakuna povu wala mvumo.

Hili huzipata familia nyingi za mjini, hasa mwezi wa Julai. Na hapo ndipo jirani mmoja hujitokeza na ushauri wa "kuipa nguvu" kwa dawa ya chupa. Msomaji, ushauri huo usiufuate kamwe. Kwanza tuelewe ni nini kinachotendeka mtungini.

Muratina ni tunda la mti unaoitwa mwegea kwa Kiswahili, lile tunda refu linaloning'inia kama soseji. Tunda bichi lina sumu na haliliwi. Wapishi hulipasua, hulichemsha na kulikausha juani, kisha hulitia katika maji ya asali au ya miwa. Hapo chachu hujificha katika nyuzi zake. Tunda lililokwisha kuandaliwa hivyo hutumika mara nyingi, mradi lianikwe vizuri kila baada ya kazi.

Chachu hiyo ni viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyeonyesha, katika miaka ya 1850, kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai. Chachu hula sukari, ikatoa kileo na gesi ya kaboni dayoksaidi. Povu unaloliona ni gesi hiyo ikitoka. Basi pombe ikikawia, ujue kwamba chachu ina baridi, imezidiwa na utamu, imedhoofika au imekufa.

Kabla ya kuhangaika, hakikisha kwamba kweli imekwama. Tega sikio mdomoni mwa mtungi, kisha onja kidogo kwa kijiko safi. Ikiwa utamu umepungua tangu jana, kazi inaendelea hata kama povu ni haba. Penye joto la kutosha, povu huonekana katika muda wa siku moja. Penye baridi, huenda ikachukua siku mbili au tatu.

Baridi ndiyo adui wa kwanza. Chachu hufanya kazi vyema katika joto la nyuzi 25 hadi 30 hivi, ilhali usiku wa Julai jijini Nairobi joto hushuka hadi karibu nyuzi 12. Zamani kibuyu kiliwekwa karibu na meko, na moto wa kuni haukuzimika. Katika nyumba ya ghorofa, mtungi ulio juu ya sakafu ya saruji hupoa usiku kucha. Uinue juu ya ubao au magunia, uufunge blanketi, na mchana uusogeze penye jua. Njia nyingine ni kuusimamisha ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Lakini usiwashe jiko la makaa katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya kupasha mtungi moto. Moshi wake usioonekana umeua watu wengi usingizini.

Joto likizidi nalo huharibu. Wengine humimina maji yaliyotoka kuchemka juu ya matunda, na chachu yote ikafa. Maji yawe ya uvuguvugu tu, kama maziwa anayopewa mtoto mchanga.

Sababu ya pili ni asali kuwa nyingi mno. Asali ina sukari kiasi cha asilimia 80, na sukari nyingi hufyonza maji kutoka kwa chachu yenyewe. Kipimo cha asali moja kwa maji manne au matano kinafaa. Ukiona mchanganyiko ni mzito kama sharubati, ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa. Aidha, asali peke yake haina virutubishi vya kutosha kwa chachu. Maji ya miwa kidogo husaidia sana, na hata wapishi wa kale waliyatumia.

Maji ya mfereji yana klorini, dawa ya kuua viini, na chachu nayo ni kiumbe. Yachemshe au uyaache wazi usiku mzima kabla ya kuyatumia.

Kisha liangalie tunda. Lililooshwa kwa sabuni, au kufungiwa ndani ya mfuko wa plastiki likaota ukungu, halina kazi tena. Kulijaribu lililo zima, liloweke katika nusu lita ya maji ya asali ya vuguvugu usiku mmoja. Likitoa povu, mimina vyote mtungini. Lisipotoa, koroga kijiko kimoja cha chai cha hamira ya mkate katika maji ya vuguvugu yenye sukari, ungoje dakika 15 ifure, kisha uitie. Wazee huenda wakanuna, lakini hamira hiyo ni ya jamii moja na chachu iliyomo katika muratina.

Mtungi usizibwe kabisa, kwani gesi isipopata njia itaupasua. Tandika kitambaa safi mdomoni. Pombe ikinuka siki, au ikiota ukungu wa rangi, imwage.

Sasa turudi kwa yule jirani. Pombe iliyokawia haiui mtu. Kinachoua ni methanoli, kileo cha viwandani ambacho wenye pupa hutia ili pombe iwe kali upesi. Methanoli hupofusha macho, kisha huua. Mnamo Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walifariki jijini Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa sumu hiyo. Mei 2014 msiba kama huo ulirudi katika kaunti kadhaa. Haionekani kwa macho wala haitambuliki kwa ladha.

Pia kumbuka sheria. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliruhusu pombe za kienyeji, lakini kwa leseni. Uliza mapema katika ofisi ya leseni ya kaunti yako, na vijana walio chini ya miaka 18 wakae mbali na mtungi.

Na ikiwa Jumamosi itafika pombe haijaiva? Waambie wageni ukweli, uwape chai na uji. Mzee mwenye busara atakubali kuletewa muratina siku nyingine. Asichoweza kurudishiwa ni macho yake.